Ufunguo wa Chumba Namba Moja

Sehemu ya kumi na nne

Tulimwacha Fundi mlangoni kwake, mkono kaunyoosha. Mbele yake amesimama Mzee Kufuli, mwenye nyumba, kashika ufunguo mpya unaong'aa, na nyuma yake wachukuzi watatu wamekunja mikono ya mashati. Haya, msinisukume. Mkono ulibakia shubiri moja tu kuufikia ule ufunguo.

"Pokea, mama," alisema Mzee Kufuli, akatabasamu.

Kutabasamu huko ndiko kulikomtia Fundi wasiwasi. Miaka kumi na miezi mitatu amepanga kwa mzee huyu na meno yake hajawahi kuyaona. Jina la Kufuli alipewa na wapangaji wenyewe, maana ukichelewa kodi siku mbili, unarudi kutoka kazini unakuta kufuli lake limekaa juu ya kufuli lako. Leo mtu huyo huyo anagawa funguo.

"Wa wapi huu, mzee wangu?"

"Wa namba moja. Chumba cha mbele. Madirisha mawili, dari juu, vigae chini. Kodi ile ile unayolipa hapa namba saba. Unahama leo, na wachukuzi nimewalipa mimi."

Fundi akageuka, akatazama namba saba yake. Bati lina tundu juu ya kitanda. Mlango haufungi mpaka uunyanyue kwa bega. Dirisha lilikuwa tofali mbili zilizotolewa ukutani, basi. Cherehani ilikaa kwenye pembe moja tu isiyolowa, na yeye mwenyewe wakati wa mvua hulala kakunja miguu kama mkasi. Moyo ukamwambia, chukua.

Lakini vidole vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya cherehani.

"Ngoja ninawe kwanza."

"Mafuta si kitu! Pokea hivyo hivyo."

"Basi uweke pale mezani."

"Mezani siuweki."

"Kwa nini?"

"Ufunguo mtu hupewa mkononi, mama. Ni heshima."

Heshima! Fundi alikaribia kucheka. Mwaka juzi mzee huyu alimtolea kitanda nje na yeye yumo ndani yake, ana homa.

Kelele zikamtoa Kinyozi kwenye kibanda chake, wembe mkononi, mteja amemwacha kwenye kiti kanyolewa upande mmoja. Kinyozi alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, namba sita, mpaka Jumamosi iliyopita alipopewa ufunguo wa namba tatu.

"Dada Fundi, unamzungusha mzee wa watu? Mimi nilipopewa wangu niliupokea kwa mikono miwili, nikapiga na goti. Miaka kumi na mmoja nanusa choo! Sasa hivi naamka na jua usoni. Chukua, dada, kabla hajageuka akawa yeye."

"Sikia maneno ya mwenzako," akasema Mzee Kufuli.

Fundi akajipangusa vidole kwenye kanga. Akaunyoosha tena mkono. Ncha ya ufunguo ikamgusa ukucha.

"Shemeji! Usiushike!"

Wote wakageuka. Getini kaingia mdogo wa marehemu mume wa Fundi, karani wa chumba cha kurudufu karatasi kule Bungeni. Alikuwa amekimbia. Tai imempanda begani, na mkononi ana karatasi zenye wino ambao haujakauka sawasawa.

"Usiushike, shemeji! Weka mikono nyuma!"

Fundi akaiweka mikono nyuma kama mwanafunzi anayesubiri kukaguliwa kucha. Mzee Kufuli naye, ajabu, uso ukamshuka palepale, meno yakarudi yalikokuwa.

"Nini tena?" akauliza Kinyozi.

"Sheria mpya," alisema Karani, akihema. "Sheria ya Nyumba za Kupanga. Si mmesikia redioni kwamba imepita?"

Nani hakusikia? Ijumaa uani kulichezwa. Redio ilisema wapangaji wa miaka mingi sasa watalindwa, hawatafukuzwa ovyo wala kupandishiwa kodi ovyo. Watu wakaimba, wakakumbatiana, wakaenda kulala. Kuisoma, hakuna aliyeisoma. Aliyeisoma ni Mzee Kufuli, tena alisoma mara tatu, miwani miwili.

"Nasoma," alisema Karani. "'Mpangaji ambaye, siku sheria hii inapoanza kutumika, atakuwa amekaa katika chumba kile kile kwa miaka kumi mfululizo au zaidi, hataondolewa wala kupandishiwa kodi ila kwa amri ya Baraza la Nyumba.'"

"Mimi huyo!" alisema Fundi. "Kumi na miezi mitatu!"

"Na mimi!" akadakia Kinyozi. "Kumi na mmoja!"

"Subirini. Kuna kijistari chini. Hiki waliongeza jioni, waheshimiwa wanaotetea wapangaji walipokuwa wametoka kunywa chai. Waliobaki ndani wana nyumba za kupangisha. 'Mpangaji aliyepokea mkononi mwake, mbele ya shahidi, ufunguo wa chumba kingine, atahesabiwa amehama, na miaka yake itaanza upya.'"

Mchukuzi mmoja akajikohoza. Ndipo Fundi alipoelewa kwa nini watu watatu wameletwa kubeba kitanda kimoja na cherehani moja. Hawakuja kubeba, walikuja kushuhudia.

"Sheria inaanza lini?" aliuliza.

"Keshokutwa, Jumatano, saa sita mchana."

Wembe ukamdondoka Kinyozi. Alitazama mkono wake wa kulia kama mkono wa mtu mwingine, kisha akaingia mbio namba tatu, akatoka na ufunguo.

"Mzee, shika ufunguo wako. Narudi namba sita."

Sasa Mzee Kufuli ndiye aliyeficha mikono. Aliisukuma yote miwili kwapani.

"Mimi sipokei."

"Shika, mzee!"

"Sipokei! Nimekupa chumba kizuri, unanirudishia? Huna adabu?"

"Nimekumbuka harufu ya choo, mzee! Nimeizoea!"

Wakazunguka mnazi wa kuanikia nguo, Kinyozi anaunyoosha ufunguo, mwenye nyumba anaukwepa. Mteja wa nusu kichwa akasogeza kiti atazame vizuri. Mzee Kufuli akatokea getini, akasimama, akarudisha heshima yake pamoja na koti.

"Fundi," alisema kwa mbali. "Miaka kumi umenililia dirisha. Leo nimekuletea mawili."

"Nimeghairi, mzee wangu. Dirisha linaingiza baridi."

"Utapokea. Kuna leo, kuna kesho."

Basi Jumanne ikaanza, na mvua nayo ikaanza.

Alfajiri akaja mama mmoja na suruali ya kupunguza miguu. Fundi akaipokea. Alipoigeuza, kitu kikagonga mfukoni. Aliitupa suruali chini kama kaona nge. Akachukua rula ya mbao ya kukatia, akauchokoa mfuko kwa ncha mpaka ufunguo ukateleza sakafuni, umefungwa utepe, umeandikwa 1.

"Ametuma nani?"

"Mzee mmoja pale nje," alisema mama. "Kanipa suruali, kasema nikishakukabidhi nimwite aje aseme kakuona."

"Mwambie hakuona."

Toka hapo wateja wote walipangwa foleni mlangoni na kugeuza mifuko nje kabla ya kuingia. Aliyeleta shati alikung'uta. Aliyeleta gauni aliulizwa maswali. Bahasha ilikuja, ilirudi. Mkate ulikuja, salamu kutoka kwa mwenye nyumba. Fundi aliukata kwa mkasi wa kitambaa, akaukuta mzima hauna kitu ndani, akaula na wasiwasi wake.

Saa tatu geti likafunguliwa. Mzee Kufuli kaja na mwavuli, na chini ya mwavuli kamleta Bwana Afya wa halmashauri, buti miguuni, daftari kubwa kwapani.

"Bwana," mzee alianza kwa sauti ya msiba, "nimekuita mwenyewe. Nyumba yangu ni mbovu."

Bwana Afya akasimama. Miaka kumi na tisa kakagua nyumba za watu na maneno hayo hakuwahi kuyasikia kwa mwenye nyumba.

"Unasema?"

"Mbovu! Hasa namba saba. Mtu hafai kuishi mle hata saa moja. Ukifungie leo hii, bwana, nimhamishe mama wa watu kabla hajafa."

Fundi alisikia kila neno kutoka ndani. Kumbe mzee kapata njia nyingine. Namba saba ikifungwa na serikali, atake asitake, kesho saa sita itamkuta si mpangaji wa namba saba. Miaka yake kumi itamwagika kama maji ya kufulia. Alilitoa karai chini ya tundu la bati, akalisukuma uvunguni, mahali pake akaweka godoro la marapurapu ili matone yasilie. Kisha akausukuma mlango kwa bega, akatoka anang'aa.

"Karibu, Bwana Afya! Karibu uone chumba."

"Nimeambiwa kinavuja."

"Nani? Hiki? Ni kikavu, baba. Mpaka midomo inanikauka usiku."

"Muongo!" alipiga kelele Mzee Kufuli. "Bwana, kinavuja kama kichujio! Miaka kumi kinavuja! Kila mwaka analalamika!"

"Mimi nilalamike? Kwa mzee wangu mwema huyu?"

Bwana Afya akaingia, akafungua daftari juu ya meza ya kukatia iliyogusana na kitanda, akatoa kalamu. Tone likaanguka katikati ya ukurasa. Tap.

Wote watatu wakalitazama.

"Hili nini?" aliuliza.

"Jasho la bati," alisema Fundi.

Ndivyo Mzee Kufuli alivyomjibu yeye tangu mwaka wa kwanza, kila alipokwenda kulalamika na blanketi linalochuruzika. Bati linatoka jasho, mama, kama mtu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mzee kulisikia likitoka mdomo mwingine, na halikumpendeza.

"Jasho gani? Mvua hiyo, bwana! Hilo ni tundu! Nalijua, nimelipita mwenyewe nikiwa juu!"

"Ulilipita ukaliacha?" aliuliza Bwana Afya.

Mzee akajishughulisha na mwavuli. Lakini Bwana Afya hakuwa mtu wa kupendelea. Bovu ni bovu. Akaishika kalamu, akaandika "Chumba namba saba", akainua macho akatazama tundu, na Fundi akaona miaka yake inaning'inia kwenye ncha ya kalamu ile.

Tone jingine. Tap. Bwana Afya akatia mkono mfukoni kutoa leso apanguse karatasi. Leso ikatoka na ufunguo, ukaanguka kwenye sakafu, mpya, unang'aa, una utepe.

Fundi akaruka nyuma mpaka akagonga ukuta.

"Usiogope, mama," alisema Bwana Afya, akiinama kuuokota. "Ni wangu. Mwenye nyumba wangu kanipa asubuhi hii. Mtu mgumu yule, lakini leo kaniamsha na chai. Kanihamishia chumba cha juu, chenye roshani."

"Kakupa mkononi?"

"Mkononi. Mbele ya mkewe."

"Kile cha zamani ulikaa miaka mingapi, baba?"

"Kumi na miwili. Kwa nini?"

Fundi hakwenda shule sana, lakini kijistari kile alikuwa ameshakishika kichwani usiku kucha kama sala. Alimsomea chote, neno kwa neno, tangu "mpangaji aliyepokea" mpaka "itaanza upya". Alisoma taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari ya kufiwa.

Bwana Afya alikaa juu ya kitanda. Palipolowa, lakini hakuhisi.

"Kumi na miwili," alisema.

"Pole, baba."

"Chai ile niliisifu."

"Pole sana."

Akaufumba ufunguo kiganjani. Kisha akamgeukia Mzee Kufuli, akamtazama kuanzia kofia hadi viatu, akasimama, akachukua kalamu. Aliandika kwa herufi kubwa, na huku anaandika matone yanamtua juu ya daftari, wino unatambaa, anaandika juu yake tena.

"Chumba namba saba," alisoma kwa sauti. "Kimekaguliwa wakati wa mvua. Ni kikavu. Kinafaa kuishi binadamu."

"Bwana!" alilia Mzee Kufuli. "Macho yako hayaoni?"

"Nimeona jasho. Jasho si kosa kisheria. Mama, weka saini hapa, kwamba umekiri hakuna uvujaji na huna dai lolote kuhusu bati."

Fundi aliishika kalamu, mkono ukasita. Kwa saini ile alikuwa anapata kubaki. Na kwa saini ile ile, siku yoyote atakayokwenda Barazani kudai bati litengenezwe, ataonyeshwa karatasi hii. Tundu litakuwa lake maisha, kama chumba.

Akaweka saini.

Hivyo ndivyo Fundi alivyopata cheti cha serikali kwamba halowi. Akakitia kwenye mfuko wa plastiki kisije kikaloa.

Jumatano kukakucha kweupe. Uani watu walibeba viti nje na redio ikawekwa juu ya pipa, wasubiri saa sita kama wanaosubiri mpira. Fundi alikaa mlangoni pake, mikono kaifumbata ndani ya kanga. Kila aliyepita alimtakia heri. Kinyozi alimnyoa ndevu mzee wa namba nne bila malipo, kwa unyonge tu, maana mwenzao anavuka na yeye kabaki ng'ambo.

Saa nne Mzee Kufuli hakuonekana. Saa nne na nusu hakuonekana.

"Kakubali kushindwa," walisema.

"Yule?" alisema Fundi. "Yule hata jua likizama anasema limemwonea."

Saa tano kasoro robo geti likagongwa na kitanda. Kweli, kitanda, kimeshikwa kichwani na mtu. Nyuma yake mwanamke ana sufuria, nyuma yake watoto wanne wamebeba mito. Aliyebeba kitanda alivuka uwanja bila kusalimu mtu, akaenda moja kwa moja namba moja, akatoa ufunguo, akafungua.

Fundi akasimama. Alizijua shingo za ukoo ule. Alikuwa shemeji yake, Karani.

"Shemeji? Ni wewe?"

Karani akatua kitanda. Hakugeuka.

"Ni mimi, shemeji."

"Unahamia hapa? Namba moja? Mbona hukuniambia? Ningefagia."

"Mwenye nyumba wangu alitufukuza jana. Mimi nina miaka sita tu pale, sheria hainijui. Kasema anasafisha nyumba kabla ya leo saa sita. Vitu vyote barabarani, shemeji, na mvua ile. Watoto walijifunika meza."

"Mungu wangu. Si ungekuja kwangu?"

"Kwako kunavuja."

Hapo hapo akaingia Mzee Kufuli, koti limepigwa pasi, na karatasi yenye mhuri. Meno yote nje.

"Mwambie, bwana. Mwambie mwenyewe, wewe ndiye ndugu yake."

"Aniambie nini?"

Karani akatoa zile karatasi zake za Bungeni. Zilikuwa zimekunjwa ukurasa wa mwisho, ule ambao Jumatatu hakuusoma kwa haraka ya kukimbilia kwa shemeji yake. Alisoma akitazama karatasi tu, sauti ndogo.

"'Sheria hii haimhusu mpangaji aliye ndugu wa mwenye nyumba, kwa damu au kwa ndoa, pamoja na mjane wa ndugu yake, maadamu hajaolewa tena.'"

"Sasa hiyo inanihusu nini? Mzee Kufuli si ndugu yangu. Namshukuru Mungu kila siku kwa hilo."

"Jana jioni alinikuta barabarani," alisema Karani. "Aliniandikisha kuwa mmiliki mwenzake wa nyumba hii. Fungu moja kati ya mia. Mimi na wanangu tukae namba moja bure, mwaka mzima. Nilitia saini, shemeji. Mtoto mdogo alikuwa anatetemeka."

Juu ya pipa redio ilikuwa inatangaza sabuni.

"Kwa hiyo wewe ni mwenye nyumba wangu," alisema Fundi.

"Mmoja wao."

"Na mimi ni mjane wa kaka yako."

"Ndiyo, shemeji."

"Ningekuwa mgeni kwako, mtu wa kupita tu, sheria ingenilinda."

"Ingekulinda."

"Kwa kuwa tumezikana na kulea pamoja, hainilindi."

"Walidhani ndugu hamfukuzi ndugu," alisema Karani. "Ndivyo walivyosema siku ya kuijadili. Nilirudufu hotuba yenyewe."

Mkewe akaweka sufuria chini, akajifunika uso na upande wa kanga. Fundi akamtazama, akawatazama wale watoto wanne na mito yao, akakosa hata mtu wa kumkasirikia kwa raha. Mzee Kufuli hakukosa la kusema.

"Ikifika saa sita, mama, kodi mpya ya namba saba ni mara tatu. Huwezi, unatoka kesho. Mimi na mwenzangu tumeshaelewana, au sivyo, mwenzangu?"

Mwenzake aliinama, akazikodolea karatasi zake.

Fundi alisimama palepale. Mtu angedhani analia. Kumbe alikuwa anapima, kama apimavyo kitambaa kisichotosha, anatafuta wapi pa kuunga.

"Shemeji," alisema. "Hebu rudia pale mwisho."

"'Pamoja na mjane wa ndugu yake.'"

"Mbele kidogo."

"'Maadamu hajaolewa tena.'"

"Nikiolewa tena, mimi na wewe si ndugu?"

Karani akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Kisheria? Si ndugu. Unakuwa mpangaji kama mpangaji."

"Ofisi ya ndoa inafungwa saa ngapi?"

"Jumatano, saa sita."

Mzee Kufuli akacheka mpaka kofia ikamtoka.

"Uolewe? Ndani ya saa moja na dakika chache? Na nani, mama? Na cherehani?"

Watu wakaanza kuangalia chini. Mzee wa namba nne ana mke, mke yuko pale pale. Wa namba tano ana wawili. Kisha kikasikika kiti kikivutwa.

"Mimi sijaoa," alisema Kinyozi.

Alikuwa kasimama na povu la sabuni mpaka viwiko, uso mwekundu kama aliyenyolewa na mwenzake.

"Kaa chini, dada yako huyo!" alifoka Mzee Kufuli.

"Udada wa mdomoni tu, mzee. Wa mdomoni unafutika." Akavuka uwanja, akasimama mbele ya Fundi. "Twende. Viatu ninavyo. Shahidi mmoja ni mzee wa namba nne, wa pili tutamwokota njiani."

Fundi akamtazama. Miaka kumi wamegongeana ukuta kuombana chumvi. Anamjua kukohoa kwake, anajua siku zake za kukosa wateja. Anajua pia kwamba tangu Jumamosi mtu huyu hana hata siku moja mbele ya sheria, na kwamba kwa sheria hiyo hiyo mume wa mpangaji analindwa pamoja na mpangaji.

"Nitakuuliza kitu kimoja," alisema, "na ukinidanganya nitaona, maana mimi nimezoea kutazama mishono kwa ndani. Unanioa mimi, au unaioa namba saba?"

Wapangaji wote wakasogea. Mke wa Karani akaushusha upande wa kanga usoni asikie. Hata Mzee Kufuli aliokota kofia bila kuivaa.

Kinyozi alitazama bati lenye tundu, akatazama cherehani pembeni, akamtazama Fundi mwenyewe, usoni, muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama tangu aanze kumwita dada.

Juu ya pipa, redio ikatangaza saa tano kamili.

"Ukweli?" alisema Kinyozi.

"Ukweli."

"Basi kwanza," alisema, akijipangusa povu, "mwambie shemeji yako awatoe watoto hapa, maana jibu langu lina mambo mawili, na moja ni la miaka saba nyuma, kabla mumeo hajafa."